Kihoro si "Huzuni Kubwa Sana": Maoni juu ya Kufundisha Msamiati

Katika mazoezi ya kufundisha hakuna kazi inayopendwa na mwanachuo kama ile ya kuandika maneno magumu upande wa kushoto wa ubao, kupiga mstari katikati, na kuandika maana zake upande wa kulia. Kazi hiyo ni safi. Hupendeza katika andalio la somo, na mkufunzi aketiye nyuma ya darasa huweza kuhesabu maneno matano yaliyofundishwa kwa dakika kumi. Sisi wenyewe tulipokuwa wanachuo tuliipenda, na tulipopewa dhamana ya kukagua wengine tuliisifu. Katika makala haya twataka kueleza kwa nini hatuisifu tena, na tutafanya hivyo kwa kulitazama neno moja tu, nalo ni kihoro.

Tulikuwa tumekwenda kumkagua mwanachuo wetu mmoja katika shule ya kijijini, Darasa la Sita. Alikuwa kijana hodari, mwenye sauti ya kusikika na mwandiko mzuri. Kifungu cha habari kilihusu mzee aliyepotelewa na mwanawe baharini. Mwanachuo alikuwa amechagua maneno manne kutoka katika kifungu hicho na kuyapanga ubaoni hivi: simanzi, huzuni kubwa, majonzi, huzuni nyingi, jitimai, huzuni, kihoro, huzuni kubwa sana. Wanafunzi waliyanakili yote. Hakuna aliyeuliza kwa nini wahenga walijisumbua kutunga maneno manne kwa jambo moja, wala sisi hatukujiuliza. Kisha wakaambiwa watunge sentensi moja kwa kila neno.

Madaftari yalipokusanywa tulipita nayo pamoja na mwanachuo. Kuhusu kihoro, watoto wengi waliandika mambo ya namna hii: timu yao imefungwa, wamepata kihoro, kalamu imepotea, wana kihoro, mvua imenyesha hawakwenda kucheza, wameona kihoro. Zote zilipigwa alama ya vema, kwa kuwa neno "huzuni" likiwekwa mahali pa "kihoro" sentensi haziharibiki. Sentensi moja tu ilipata mkwaju. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma aliandika: "Bibi anakufa kwa kihoro." Mwanachuo alikata "anakufa" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "alikufa", akaeleza pembeni kwamba mtu hufa mara moja na jambo likishatendeka hutumia wakati uliopita. Mtoto akarudishiwa daftari afanye masahihisho mara tatu, kama ilivyo desturi. Akayafanya. "Bibi alikufa kwa kihoro. Bibi alikufa kwa kihoro. Bibi alikufa kwa kihoro." Nasi katika fomu ya ukaguzi, mahali pa kusahihisha kazi za wanafunzi, tuliandika: "Vizuri."

Wakati wa chai mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyekaa katika shule ile miaka mingi, alituvuta kando.

"Mkufunzi," alisema, "yule mtoto hakukosea."

Alitueleza kwamba baba wa msichana yule alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita. Bibi aliyetajwa ndiye mama mzazi wa marehemu. Alikuwa hai, lakini tangu siku ya mazishi hali wala hanywi ila kwa kulazimishwa. Hukaa penye kizingiti cha mlango akitazama njia, na watu wa nyumba ile husema waziwazi kwamba anakwisha. Mjukuu ndiye aliyekuwa akimpikia uji kabla ya kuja shuleni.

Basi tuitazame sentensi ile upya. Kwa Kiswahili mtu hufa kwa njaa, hufa kwa kiu, hufa kwa baridi, na hufa kwa kihoro. Katika safu hiyo neno letu limesimama pamoja na mambo yauayo mwili. Tena tunaposema "watu wanakufa kwa njaa" hatuna maana kwamba wamekwisha kuzikwa. Twasema juu ya watu walio hai ambao njaa inawamaliza siku hata siku, na bado wanaweza kuokolewa iwapo chakula kitafika. Msichana yule alitumia wakati uliopo kwa sababu jambo lilikuwa likitendeka nyumbani kwao asubuhi ile ile. Katika darasa la watoto zaidi ya hamsini, ndiye peke yake aliyelitumia neno lile sawasawa, na ndiye peke yake aliyepigwa mkwaju. Tukamfanya amwandike bibi yake mara tatu kuwa amekwisha kufa.

Hatumlaumu mwanachuo. Alifundisha kama tulivyomfundisha.

Sasa neno lenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, pamoja na kamusi nyingi zilizotangulia na kuifuata, hulifungamanisha neno kihoro na kufiwa au kupotewa. Hilo ndilo jambo ambalo "huzuni kubwa sana" hulificha. Huzuni yaweza kumjia mtu bila sababu anayoijua. Mtu aweza kuamka na huzuni, au kuipata kwa kusikia wimbo. Kihoro hakiji hivyo. Kihoro humtaka mtu awe alikuwa na kitu, na kitu hicho kiwe kimemtoka. Pia mna ndani yake mshtuko na fadhaa, kama ya mtu aliyepigwa akapoteza fahamu za mambo ya kila siku, akasahau chungu motoni. Ndiyo maana tunasema mtu ameshikwa na kihoro, amepatwa na kihoro, ameingiwa na kihoro. Mara zote ni kihoro ndicho kitendacho, mtu hutendwa. Mwanafunzi akijua hayo, amekwisha kupata nusu ya maana kabla ya kufunua kamusi.

Hatusemi kwamba kihoro ni cha kifo peke yake. Mvuvi aliyepoteza mashua na nyavu zake zote usiku mmoja aweza kushikwa na kihoro. Kadhalika mfugaji ambaye ng'ombe wake wameteketea kwa ukame. Hapo kilichotoka ni riziki ya nyumba nzima, na pengine heshima ya mtu mbele ya wenzake. Kwa hiyo mtoto aliyeandika juu ya kalamu hakuwa mbali kabisa na njia, maana alijua kwamba kitu hupotea. Alichokosa ni kipimo, na kipimo hicho hakupewa na mtu yeyote. Huyo wa timu iliyofungwa naye tusimcheke, kwa sababu watu wazima husema hivyo kwa mzaha siku ya pili ya mchezo, na mzaha ni matumizi halali ya lugha. Lakini mzaha huo hunoga kwa yule tu ajuaye uzito halisi wa neno. Kumfundisha mtoto mzaha kwanza ni kumpa ganda la nazi akiwa hajaiona tui.

Hebu tuyaweke na yale mengine mahali pake, maana neno hujulikana kwa majirani zake. Msiba ni tukio lenyewe, si hisia; twasema msiba umetokea, nao ni wa familia, au wa mtaa, au wa nchi. Tanzia ni habari ya kifo itolewayo. Matanga ni siku za kukaa pamoja na wafiwa, ambazo zina mwanzo na mwisho, kwani kuna kukaa matanga na kuna kuanua matanga. Rambirambi hutolewa mkononi na mdomoni. Katika pwani yetu aliyefiwa hupewa "makiwa", neno lililo ndugu wa ukiwa, ile hali ya mtu au nyumba iliyobaki peke yake. Na mkiwa ni yule asiye na wa kumtegemea. Simanzi huonekana usoni, nayo yaweza kutanda juu ya kundi zima la watu. Majonzi aghalabu huenda na machozi. Kusononeka ni kuumia ndani kwa ndani bila kupiga kelele. Jitimai tumeizoea zaidi katika ushairi kuliko sokoni, na mwanachuo aliyeiweka ubaoni bila kusema hivyo amewatuma watoto dukani na fedha isiyotumika huko. Maneno haya hayakupangwa kama vipimo vya uji katika vikombe vidogo na vikubwa. Kila moja lina mlango wake.

Tutoe mfano wa jambo linalojulikana na wote. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipoteza maisha, na wengi wao wamezikwa Igoma. Sisi tulikuwa watoto wadogo, na twakumbuka watu wazima wakikaa kimya mbele ya redio. Huo ulikuwa msiba wa taifa, na simanzi ilitanda kila mahali, hata katika nyumba ambazo hazikuwa na mtu melini. Lakini mama aliyengoja ufukweni siku baada ya siku, asipate hata mwili wa kuzika, hali yake haiwezi kuelezwa kwa neno lile lile tunalolitumia kwa taifa zima. Taifa lilifanya maombolezo kisha likarudi kazini. Yeye alikuwa na kihoro. Methali yasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wahenga walijua kwamba kuna wa ndani na wa mbali hata katika kulia, nayo lugha imeweka maneno tofauti kwa ajili ya kila mmoja.

Wako wakufunzi wenzetu wasioafikiana nasi, na hoja zao si za kudharauliwa. Mmoja alituambia kwamba maneno ya namna hii hayafai kufundishwa katika shule ya msingi kabisa, kwa kuwa huwaingizia watoto hofu na kuwakumbusha mambo machungu. Afadhali wafundishwe maneno ya furaha na ya kazi. Twamheshimu, lakini hatuoni kwamba mtoto hungoja ruhusa ya mwalimu ndipo afiwe. Katika kila darasa la kijijini wapo waliozika mzazi, ndugu au rafiki. Mtoto asiye na neno kwa jambo lililompata hubaki nalo bila jina, naye mwalimu humwita mvivu au mzembe kwa kuwa hajui aseme nini. Msichana wetu alipata neno siku ile, akalitambua mara moja kuwa ni la nyumbani kwao, akalitumia kutuarifu. Kwa hakika ile haikuwa sentensi ya zoezi. Ilikuwa taarifa.

Mwingine alisema kwamba mtihani huuliza visawe, na kisawe cha kihoro ni huzuni, basi mengine ni anasa. Hapa twakiri ugumu. Mwalimu hawezi kuudharau mtihani, na mzazi atamwuliza. Lakini mtoto aliyelielewa neno hatashindwa kuchagua kisawe miongoni mwa majibu manne. Ilhali aliyekariri kisawe peke yake atashindwa siku atakapoulizwa kutunga habari, au kuandika barua ya rambirambi kwa rafiki. Tumesoma barua za namna hiyo zilizoandikwa na watu waliomaliza shule miaka mingi. Zimejaa "huzuni kubwa sana", na hazimfikii mfiwa.

Je, mwalimu afanyeje? Ushauri wetu ni kwamba neno lije nyuma ya jambo, lisilitangulie. Soma kifungu chote kwanza, au simulia kisa kwa sauti ya kawaida bila kuigiza kilio. Simama mahali ambapo mzee wa katika habari anarudi kutoka ufukweni, na uwaulize watoto anafanya nini anapofika nyumbani. Watasema: amekaa, hali, haongei, anaitwa haitiki, analishika shati la mwanawe. Yaandike hayo ubaoni badala ya maana. Baada ya hapo sema: hali hii Waswahili waliita kihoro. Utaona jinsi darasa linavyotulia. Kisha waulize kama katika lugha za nyumbani mwao kuna neno la hali hiyo, nao walitaje bila kulazimishwa kulieleza; mara nyingi lipo, na mtoto aliyekuwa kimya tangu Jumatatu ndiye alijuaye. Ndipo uwape miundo yake: kushikwa na kihoro, kupatwa na kihoro, kufa kwa kihoro. Neno moja lenye miundo mitatu ni mavuno ya kutosha kwa kipindi kimoja, hata kama andalio litaonekana jembamba mbele ya mkaguzi. Mkaguzi akilalamika, mwonyeshe makala haya.

Usiwaambie watunge sentensi kutokana na maisha yao wenyewe. Waache watunge juu ya mzee wa katika habari. Anayetaka kuleta ya kwake atayaleta bila kuitwa, kama msichana yule alivyofanya, nawe uwe tayari kuyapokea. Hapa ndipo tunapotaka mkae kidogo. Kabla ya kufundisha kifungu chenye habari ya kifo, nenda kwa mwalimu wa darasa ukamwulize nani amefiwa karibuni. Ni swali la dakika mbili chini ya mwembe. Hatukuliuliza, wala fomu zetu za ukaguzi hazina mahali pa kuliandika. Zina mahali pa zana, mahali pa sauti, mahali pa matumizi ya ubao, na hata mahali pa unadhifu wa mavazi.

Kwa madarasa ya juu, na kwenu wenyewe wanachuo, soma pia shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina. Tazameni jinsi mume anavyosema na aliyeondoka kana kwamba bado yumo chumbani. Mwalimu aweza kuuliza darasani ni neno lipi kati ya yale ya ubaoni linalomfaa mume huyu, na akae asikilize watoto wakibishana. Hakuna jibu moja. Tulijaribu swali hili na wanachuo wa mwaka wa kwanza na kengele ilitukuta bado twabishana baina ya majonzi na ukiwa. Aliyeteta kwa ajili ya ukiwa alikuwa na hoja nzuri kuliko yetu.

Jambo la mwisho ni la kalamu nyekundu. Sentensi ya mtoto ikikushangaza, usiikate mpaka umwulize ana maana gani. Mwalimu mpya huogopa kuuliza kwa kudhani ataonekana hajui sarufi. Mwanachuo wetu aliijua sarufi. Njeo za kitenzi alikuwa amezishika barabara. Alichokosa ni kumtazama mtoto na kumwambia, "Hebu nieleze habari za bibi." Lau angeuliza, angejifunza siku ile matumizi ya wakati uliopo ambayo hatukuwa tumeyaeleza vizuri chuoni, nasi tungejifunza naye.

Tulirudi darasani baada ya chai. Mwanachuo alitaka kuichana karatasi ile na kumpa mtoto daftari jipya, lakini mwalimu wa darasa akamkataza, akasema daftari ni mali ya mtoto, na lililoandikwa limeandikwa. Basi alimwita pembeni, akapiga magoti kando ya dawati, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba sentensi yake ya kwanza ilikuwa sahihi na kwamba mwalimu ndiye aliyekosea. Akaweka alama ya vema juu ya ule mkwaju, akatia sahihi yake. Sisi tulisimama mlangoni. Mtoto alilitazama daftari kwa muda, kisha akauliza kama anaweza kuyafuta yale masahihisho matatu. Mwanachuo akampa kifutio. Aliyaandika kwa kalamu ya wino, hivyo hayakufutika; alisugua mpaka karatasi ikatoboka, akafunga daftari, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mapema kumtazama bibi. Tulimruhusu.